Mke na Mume Kuanzisha Chaneli ya YouTube: Mwongozo Kamili kwa Wanaoanza

Wanandoa wanne wamekaa barazani kwetu kwa nyakati tofauti wakieleza shida ile ile. Chaneli ilifunguliwa kwa shangwe, video tatu zikatoka, ya nne haikutoka. Mume anasema simu haina kamera nzuri. Mke anasema hana muda. Ukikaa nao nusu saa unagundua simu haina kosa lolote: hawakuwahi kukubaliana nani anafanya nini, na sauti ya video zao haisikiki.

Mimi na Baba Nasra tunarekodi mapishi ya pwani hapa Tanga. Video zetu 11 za mwanzo zilikuwa za kutupa. Ninachoandika hapa ndicho tunachofanya sasa, kwa mpangilio tunaoufuata. Msiruke hatua ya kwanza kwa sababu inaonekana ni maneno tu. Hiyo ndiyo inayoua chaneli nyingi za wanandoa.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu moja inayorekodi kwa ubora wa 1080p. Mtatumia kamera ya nyuma. Ya mbele ni dhaifu kwenye simu nyingi.
- Nafasi wazi ya GB 20 kwenye simu. Dakika moja ya 1080p hula kama MB 60 hadi 130 kutegemea mipangilio ya simu. Rekodi ya dakika 40 inaweza kumaliza GB 5.
- Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ya waya au isiyo na waya. Kama mna shilingi za kununua kitu kimoja tu, nunueni hii.
- Stendi ya simu. Kabla ya kuipata, ndoo iliyopinduliwa na kopo la mchele vinatosha.
- Dirisha kubwa au uwani wenye kivuli. Taa ya duara inaweza kungoja.
- Programu ya kuhariri kwenye simu: CapCut, InShot au KineMaster. Chagueni moja mkae nayo.
- Daftari la mistari na kalamu.
- Kipande cha kanga kuukuu cha kufutia lenzi. Jikoni lenzi hushika mvuke na mafuta, halafu mtu analaumu simu kwamba inatoa picha ya ukungu.

Msikope pesa kununua kamera. Tunamjua jamaa aliyekopa, na chaneli ikafa kabla deni halijaisha.

## Hatua ya 1: Kikao cha mkekani

Kaeni wawili, watoto wakiwa wamelala, simu zikiwa mbali. Andikeni majibu ya maswali haya kwenye daftari, si kichwani.

Nani anaongea, nani anarekodi, nani anahariri? Jibu la "tutasaidiana" halikubaliki. Kazi ya kuhariri inaweza kuchukua saa nne kwa video moja ya dakika nane, na mtu anayeifanya usiku kila wiki bila kutajwa ataichoka na kuichukia.

Nini hakitaonekana kamwe? Sisi tuliandika: chumba cha kulala, sare ya shule ya Nasra, mlango wa mbele wa nyumba, mgonjwa yeyote, na ugomvi wetu. Ninyi mna orodha yenu.

Nani anajua kuwa tunaanza? Hapa sisi tuliteleza. Video yetu ya tano ilimwonyesha Baba Nasra amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi huku ananitania. Ikasambaa kwenye kundi la ukoo. Saa moja asubuhi simu ikaita.

"Mama Nasra, mwanangu anakuna nazi mbele ya dunia nzima?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuuliza."

Nilimpa simu mwenyewe mkuna nazi. Walizungumza muda mrefu, na video hatukuitoa, kwa sababu watu walikuwa wameipenda kuliko zote. Lakini wiki nzima ile hatukurekodi chochote. Nyumba ilikuwa nzito. Waambieni wazazi mapema, muwaonyeshe hata video moja kabla haijatoka, mtajiepushia hayo.

Pesa ikija itaingia wapi? Akaunti ya malipo ya Google inabeba jina la mtu mmoja. Amueni sasa ni nani, na mgawo ni upi, wakati bado hakuna hata senti ya kugombania.

Nani ana haki ya kuzuia? Kwetu, mmoja akisema "hii isitoke", haitoki. Hakuna mjadala siku hiyo. Sababu ni rahisi: aliyelazimishwa kuonekana mara moja, mara ya pili atapata udhuru.

*Mmefaulu ikiwa:* kila mmoja, akiulizwa peke yake, anatoa majibu yale yale matano.

## Hatua ya 2: Chagueni jambo moja

"Maisha yetu" si mada, angalau si sasa. Mtu asiyewajua hana sababu ya kutaka kuona mkienda sokoni. Ana sababu ya kutaka kujua kwa nini vitumbua vyake vinashika mafuta, kuku wake wanakufa wakiwa na wiki mbili, au ukuta wake unapiga fangasi kila masika. Mshikeni kwa shida yake kwanza. Maisha yenu atayazoea akiwa huko huko.

Kipimo chetu ni majina 30. Kaeni mwandike majina 30 ya video za mada hiyo kwa mkao mmoja. Mkikwama kwenye ya 12, mada ni finyu au si yenu. Kisha fungueni YouTube, andikeni maneno mawili ya mwanzo kwenye kisanduku cha kutafutia, mfano "jinsi ya kupika", na mtazame yanayojikamilisha yenyewe. Hayo yanatokana na yale ambayo watu hutafuta kweli.

Tahadhari. Kwa Tanzania, anayetaka kutoa habari na matukio mtandaoni anahitaji leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano. Msiingie huko kwa bahati mbaya kwa kusoma magazeti mbele ya kamera. Na zile video za kutishana, mume kujifanya ameoa mke wa pili ili arekodi machozi ya mwenzake, mimi nazihesabu kuwa kujipalia makaa. Zinatazamwa, sikatai. Ila kesho mtahitaji tukio kali zaidi, na keshokutwa kali kuliko hilo.

*Mmefaulu ikiwa:* mnaweza kumweleza jirani chaneli yenu inahusu nini kwa sentensi moja, naye asiulize swali la pili.

## Hatua ya 3: Fungueni chaneli kwa usalama

1. Tengenezeni akaunti mpya ya Google kwa ajili ya chaneli tu. Msitumie barua pepe ya mmoja wenu ya kazini au ya benki.

2. Tumieni laini ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole za mmoja wenu. Laini ikipotea na ilisajiliwa kwa jina la shemeji aliyehamia Mwanza, kuirudisha ni safari.

3. Washeni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nywila Google inataka uthibitisho wa pili, mfano namba inayotumwa kwenye simu. Bila huo hamtaruhusiwa kuingia kwenye mpango wa malipo baadaye. Chapisheni namba za akiba ambazo Google huzitoa, mziweke kwenye bahasha pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

4. Thibitisheni namba ya simu ndani ya YouTube. Bila hivyo hamwezi kupakia video inayozidi dakika 15 wala kuweka picha ya jalada (ile inayoonekana kabla mtu hajaifungua video) mliyoitengeneza wenyewe.

5. Ingieni YouTube Studio, ambako mwenye chaneli huisimamia, sehemu ya mipangilio, halafu ruhusa, mmwalike mwenzako kwa barua pepe yake kama msimamizi. Msipeane nywila. Msimamizi anaweza kupakia na kujibu maoni lakini hawezi kuifuta chaneli. Mwenye uwezo huo ni mmiliki. Ndiyo maana umiliki ni suala la mkekani, si la kubonyeza tu.

Kuhusu jina: mpigieni shangazi simu, mtajieni jina mara moja, mwambieni aandike na awatumie. Akikosea herufi, badilisheni jina. Atakayelisikia kwenye daladala naye atakosea hivyo hivyo.

*Mmefaulu ikiwa:* kila mmoja anaingia kwenye chaneli kwa simu yake na nywila yake.

## Hatua ya 4: Video ya majaribio ambayo haitatoka

Rekodini dakika mbili. Mmoja aongee chochote, hata ataje bei za sokoni. Kisha vaeni spika za masikioni, mwende chumba kingine, msikilize bila kutazama.

Mtashangaa. Feni inanguruma kama lori. Friji inaimba. Jiko la gesi linavuma. Mvua kwenye bati inafuta kila neno. Masikio yenu hayakuvisikia vitu hivyo kwa sababu mmevizoea, lakini mtazamaji hajavizoea. Picha hafifu ataivumilia. Sauti ya kukisia ataiacha ndani ya sekunde chache.

Rekebisheni hivi:

- Zimeni feni na mchomoe friji wakati wa kurekodi. Mtu mmoja apewe kazi ya kulirudisha friji kwenye umeme, maana tulishawahi kuozesha samaki.
- Bana maiki umbali wa kiganja kimoja chini ya kidevu. Ukiificha ndani, nguo itaisugua na kutoa mkwaruzo. Akina mama tunaovaa mtandio: maiki ikae juu ya kitambaa, upande ambao ncha ya mtandio haiyumbi.
- Wekeni simu inayorekodi kwenye hali ya ndege. Simu ikipigwa katikati, baadhi ya simu hukata rekodi papo hapo.
- Kama hamna maiki, chukueni simu ya pili, washeni kinasa sauti, iwekeni kwenye mfuko wa kifuani mwa msemaji. Kabla ya kuanza pigeni kofi moja kubwa mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri mtalinganisha mlio wa kofi kwenye sauti na mikono inayokutana kwenye picha.
- Jueni ratiba ya mtaa wenu. Sisi hatuanzi kuongea dakika kumi kabla ya adhana ya adhuhuri, na Jumamosi hatugusi kabisa kwa sababu jirani huchomelea mageti.

*Mmefaulu ikiwa:* mtu aliye chumba kingine anasikia kila neno bila kuuliza "kasemaje?"

## Hatua ya 5: Siku ya kurekodi

Andikeni vipande mnavyovihitaji kabla ya kuwasha moto. Kwa vitumbua, orodha yetu ilikuwa hivi: mchele uliolala kwenye maji, kusaga na tui, hamira na iliki, uji ulioumuka, chuma cha vitumbua kikipata moto, kumimina, kugeuza, kupasua kimoja.

Hicho cha mwisho ndicho muhimu kuliko vyote. Kitumbua kikipasuliwa karibu na lenzi, mvuke unatoka na matundu madogo yanaonekana. Rekodini matokeo mara mbili au tatu. Yatakuwa sekunde za kwanza za video na pia picha ya jalada.

Mwanga. Dirisha liwe ubavuni mwa anayerekodiwa, si nyuma yake. Likiwa nyuma, uso unakuwa giza. Nje, rekodini kati ya saa mbili na saa nne asubuhi au kuanzia saa kumi jioni. Jua la saa sita hutia kivuli cheusi machoni.

Simu. Ilazeni. Video ya kusimama mtaitengeneza baadaye kwa ajili ya Shorts, zile video fupi za YouTube. Gusa na ushikilie uso wa anayeongea kwenye kioo mpaka mwanga ufungwe, vinginevyo picha itakuwa inapanda na kushuka ung'avu kila anaposogeza mkono.

Vipande. Kila tendo lirekodiwe kwa mbali na kwa karibu. Shikilia kila kipande sekunde 10 bila kusogea, hata kama unaona zimetosha. Anayehariri usiku atakushukuru.

Halafu kuna jambo ambalo litawatokea. Nilimimina uji kwenye chuma, nikaeleza moto, nikageuza vitumbua saba kwa kijiti, nikapasua kimoja, nikainua uso nikitabasamu.

"Umebonyeza?"

Baba Nasra alitazama kioo. Kisha akabonyeza. Yaani ndiyo kwanza ilianza kurekodi.

Tangu siku hiyo anayeongea haanzi mpaka mwenye simu aseme "inahesabu", maana yake ameziona namba nyekundu zikitembea. Ni neno moja, nalo limetuokolea unga mwingi.

Tahadhari. Msirekodi watu wengine bila kuwaomba. Muuza samaki ana haki na sura yake, na tangu 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ombeni kwanza, kisha warekodini wakikubali; wengi hukubali.

*Mmefaulu ikiwa:* kila kipande kwenye orodha kina alama ya vema, na mmekitazama kabla ya kuosha vyombo.

## Hatua ya 6: Kuhariri

Fanyeni kazi kwa mpangilio huu: kata, panga, sauti, maandishi. Wanaoanza huanza na mapambo, nyota zinazoruka na mioyo, na ikifika saa tano usiku hawajakata hata kipande.

Kata salamu ndefu. "Habari zenu wapendwa watazamaji, karibuni tena kwenye chaneli yetu pendwa" ni sekunde ambazo mtu anaamua kuondoka. Anzeni na kitumbua kinachopasuliwa na sentensi moja: leo nakuonyesha kwa nini vyako vinashika mafuta. Salamu fupi ifuate. Najua kwetu kuanza bila salamu ni utovu wa adabu, na nilibishana nalo sana. Suluhu yetu ni "hamjambo" moja nikiwa tayari nimeshika mwiko.

Kata kusubiri. Kata kurudia. Vipimo viandikwe kwenye kioo, "vikombe 2", "kijiko 1 cha chai", kwa sababu wengi hutazama jikoni penye kelele.

Muziki. Msiweke Bongo Fleva wala taarabu inayopendwa. YouTube ina mfumo uitwao Content ID unaotambua nyimbo zilizosajiliwa, na hakuna kanuni ya "sekunde tano hazihesabiki". Mara nyingi matokeo ni dai: video inabaki lakini pesa ya matangazo inakwenda kwa mwenye wimbo, au inazuiwa. Onyo la hakimiliki ni jambo zito zaidi. Mkipata maonyo matatu ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufutwa. Tumieni maktaba ya sauti iliyomo ndani ya YouTube Studio, ni bure. Na mzime redio wakati wa kurekodi, kwa maana wimbo wa redio nao unatambuliwa.

*Mmefaulu ikiwa:* mtu asiyewahi kupika kitu hicho ameitazama mpaka mwisho na hakuuliza "halafu?"

## Hatua ya 7: Jina la video na picha ya jalada

Jina letu la kwanza lilikuwa "Kipindi cha 4: Jikoni na Mama Nasra". Nani alikuwa anamtafuta Mama Nasra? Tulilibadilisha kuwa "Vitumbua Vinashika Mafuta? Kosa Liko Hapa" na ikaanza kutembea, video ile ile, bila kugusa hata sekunde moja.

Maneno ambayo mtu angeyaandika akitafuta yawe mwanzoni, kwa sababu kwenye simu jina refu hukatwa.

Jalada liwe na upana wa 1280 na kimo cha 720. Kitu kimoja kikubwa, maneno matatu au manne, uso mmoja ikibidi. Msiandike maneno kona ya chini kulia; hapo YouTube huweka muda wa video. Likishakamilika, litazameni simu ikiwa umbali wa mkono ulionyooka. Msiposoma ninyi, hatasoma mtu.

Msiahidi kwenye jalada kitu ambacho hakimo ndani. Mtu akiingia akatoka baada ya sekunde tano, mfumo unajifunza kwamba video haifai.

## Hatua ya 8: Kupakia

Video ya dakika 10 iliyohaririwa kwa 1080p inaweza kufika MB 600 au zaidi. Nunueni bando la usiku, au mpakie kwenye waifai ya mtu mnayemwamini. Pakieni kwanza ikiwa ya faragha, acheni YouTube ikamilishe ukaguzi wa hakimiliki, itazameni tena, kisha mpange siku na saa ya kutoka.

Mtaulizwa kama video imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Jibuni kweli. Mapishi yanayotazamwa na watu wazima hayahusiki hata kama mtoto wenu amepita nyuma. Mkijibu "ndiyo" bila kufikiri, sehemu ya maoni inafungwa na matangazo yanayolenga mtazamaji yanaondolewa.

## Hatua ya 9: Video 20 bila kukata tamaa wala kutazama namba kila saa

Pangeni video moja kwa wiki. Mbili ni tamaa kwa wenye kazi na watoto. Wekeni akiba ya video mbili zilizokamilika, ambazo hazijatoka, kwa ajili ya wiki ya msiba, homa, au wiki ambayo hamsemezani. Itakuja.

Kutoka kila video ndefu kateni kipande kimoja cha kusimama kwa ajili ya Shorts. Siku hizi Shorts inaruhusiwa kufika dakika 3, lakini kipande cha sekunde 30 cha kupasua kitumbua kimetuletea watu zaidi ya maelezo yoyote marefu.

Jumapili jioni, mara moja tu kwa wiki, fungueni takwimu mtazame mambo mawili.

La kwanza ni asilimia ya waliobofya baada ya kuona jalada. YouTube yenyewe inasema nusu ya chaneli na video ziko kati ya asilimia 2 na 10. Mkiwa chini ya 2, tatizo ni jina au jalada, si upishi.

La pili ni mstari wa watazamaji waliobaki. Ukianguka kama jiwe mwanzoni, utangulizi ni mrefu. Ukianguka katikati, nendeni kwenye dakika hiyo hiyo mwangalie mlikuwa mnafanya nini. Sisi tulikuta watu wanatoroka kila mara Baba Nasra alipoanza hadithi zake za bandarini. Alikasirika siku mbili. Sasa hadithi zinakuja mwishoni, na waliobaki hadi hapo wanazitaka.

Jibuni kila swali la kweli kwenye maoni. Matusi futeni, msiyajibu, na asiyetukanwa ndiye afute, ili mwenzake asiyasome.

## Hatua ya 10: Kufikia malipo

Ili kupata mgawo wa matangazo, YouTube inataka wafuatiliaji 1,000 pamoja na mojawapo ya haya: saa 4,000 za kutazamwa kwa video za kawaida ndani ya miezi 12, au Shorts kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa zinazotokana na mlolongo wa Shorts haziingii kwenye hizo 4,000.

Saa 4,000 ni dakika 240,000. Ikiwa mtu hutazama wastani wa dakika 4, mnahitaji kutazamwa mara 60,000. Kwa video 50 ni mara 1,200 kila moja. Wekeni hesabu hiyo ukutani. Inatuliza kuliko ndoto za mamilioni.

Mkikubaliwa, mgawo wa mwenye chaneli ni asilimia 55 ya matangazo ya video ndefu, na asilimia 45 ya fungu linalotengwa kwa wenye Shorts. Malipo hutolewa salio likifika dola 100, kwa kawaida kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi. Jina kwenye akaunti ya AdSense, ile ya malipo ya Google, lilingane herufi kwa herufi na la akaunti ya benki. "Mohamed" na "Mohammed" ni watu wawili mbele ya benki.

Jazeni fomu ya kodi ya Marekani ndani ya AdSense hata kama hamjawahi kufika huko. Msipoijaza, Google inaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yenu yote ya dunia nzima. Mkiijaza, makato yanahusu sehemu inayotokana na watazamaji walioko Marekani tu.

Kabla ya malipo hayo, barua pepe za udhamini zitaanza kuja. Kampuni msiyoijua inasema itawalipa vizuri, ninyi mfungue tu faili la mkataba. Msilifungue, hasa kwenye kompyuta iliyoingia kwenye chaneli. Chaneli nyingi zimeibwa kwa njia hiyo, na uthibitishaji wa hatua mbili hauzuii wizi wa namna hiyo kwa sababu mwizi anaiba ruhusa ya kompyuta ambayo tayari imeingia kwenye akaunti, bila kuhitaji nywila. Duka la vyombo la mtaani linalowapa sufuria na shilingi chache, ambalo mwenyewe mnamfahamu, ni mdhamini bora wa kwanza.

Salio likifika dola 10, Google hutuma kwa posta barua yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani. Kwa kawaida huchukua wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi. Andikeni sanduku la posta lililo hai, la kwenu au la mtu mnayemwona kila wiki, na mjaze namba hiyo ndani ya miezi 4, ikipita muda huo matangazo husimama. Sisi tulitumia sanduku la shule anakofundisha wifi yangu. Baba Nasra aliulizia mara nne. Mara ya tano wifi alikuja nayo mwenyewe jioni, bahasha ndogo nyeupe imekunjwa ndani ya daftari la mahudhurio, akataka alipwe kwa vitumbua.